Pingamizi la Mama Maboksi

Ulikuwa msonyo. Haukuwa mrefu, ulipita kwenye spika ya chumba cha mkutano kama kitambaa kinachochanwa, ukamkata sentensi katikati mama aliyekuwa akisoma pendekezo lake. Aliyesonya alikuwa ofisini kwake, mbali, akidhani amezima maiki. Waliokaa na mama huyo chumbani waliinamisha vichwa wakijifanya wanasoma, na mmoja akachekea puani. Yeye alisoma pendekezo lake hadi mwisho, lakini sauti yake mwenyewe hakuisikia tena. Miaka mingi baadaye, akiwa anakata kitunguu au anafunga vifungo vya blauzi, msonyo ule ulimrudia, na mkono wake ukasimama palepale.

Alikuwa mhandisi wa programu katika ofisi iliyotunza lifti za majengo marefu. Lifti ikiugua, fundi hakimbilii ngazi na mkoba wa spana. Anakaa mezani, na programu yake inaihoji programu iliyomo ndani ya mtambo: simama, nionyeshe ulichokumbuka, sasa songa hatua moja. Kanuni za mahojiano hayo ndizo itifaki, na yeye alikuwa mmoja wa waliozijua hadi kwenye mifupa. Itifaki yenyewe haikuwa mali ya ofisi moja. Ililelewa na kikundi cha wahandisi wa ofisi mbalimbali, waliofahamiana zaidi kwa sauti kuliko kwa sura.

Kikundi kile hakikupiga kura. Pendekezo liliwekwa mbele ya wote, na kama walezi wote wamenyamaza, limepita. Lakini mlezi mmoja akisema "napinga" na kutaja sababu, kila kitu kilisimama, na hakuna aliyeweza kuliondoa pingamizi hilo isipokuwa yule aliyeliweka. Walijivunia utaratibu huo. Walisema unawafanya wasikilizane.

Siku ya msonyo, alikuwa akiwaeleza habari za herufi. Itifaki ilitungwa na watu waliodhani dunia nzima inaandika kwa alfabeti moja, kila herufi ikibebwa kwa baiti moja tu, kipande kimoja kidogo cha data. Mafundi wenye maandishi ya namna nyingine walipofungua mafaili yao, badala ya majina waliona viboksi vitupu. Alitaka pande zote mbili, mezani na mtamboni, zikubaliane kutumia usimbaji, yaani namna ya kugeuza herufi kuwa namba, unaobeba maandishi yote, na zitangaziane hivyo mara tu zinaposalimiana. Aliyesonya ndiye aliyepinga. Sababu yake: hakuna mwenye akili timamu anayeiandikia mashine michoro. Pingamizi hilo hakuliondoa kamwe.

Na mtu huyo hakuwa mgeni kwake. Walianza kazi pamoja, dawati moja, wakimegeana chakula cha mchana. Baadaye akahamia kampuni kubwa, na watu wakamwita Mwenyekiti, maana alipenda kuongoza hata foleni ya maji ya kunywa.

Bosi wa mama huyu aliona aibu kuliko yeye. Akamtoa kwenye itifaki na kumweka kwenye simu ya malalamiko, na kiti cha ofisi katika kikundi akakikalia mwenyewe. Kutwa nzima mafundi walipiga. "Mama, mashine inaniandikia maboksi." Aliwaeleza njia za kuzunguka tatizo, taratibu, kama mtu anayemvusha mgonjwa ngazi. Ofisi nzima ikamwita Mama Maboksi, naye akaitika. Lakini katika kila simu alimsikia mtu yule akisonya.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, mjane mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Dada alikuwa mtu wa kuchochea. "Kinyongo chako umekilea vizuri, mdogo wangu," alimwambia. "Kimeota meno yote. Sasa kipeleke shule kipate kazi."

Kazi ilipatikana. Bosi alistaafu, na kiti chake kikamwangukia yeye, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Haukupita muda mrefu, Mwenyekiti akaweka pendekezo mezani. Kampuni yake ilipata wateja wasioandika kwa alfabeti ile ya zamani, naye alikuwa amewaahidi kwamba viboksi vitakwisha.

Mama Maboksi alilisoma akiwa amesimama. Lilikuwa lake. Aya kwa aya, lilikuwa lake, limekatwa pindo na kutiwa jina la mwingine. Kisha akafika kwenye sehemu ya urefu, na hapo akakaa.

Kila ujumbe katika itifaki hutanguliwa na namba ya urefu wake, ili anayepokea ajue aache kusoma wapi. Zamani, alipoandika pendekezo, yeye aliagiza zihesabiwe herufi. Lilikuwa kosa. Katika usimbaji mpya herufi moja yaweza kuchukua baiti mbili au tatu, kwa hiyo anayehesabu herufi atakata ujumbe kabla haujaisha. Aligundua kosa hilo peke yake, miaka ile ya simu, na hakuwa na wa kumwambia. Sasa lilikuwa hapa, zimazima. Mtu ameiba shati akalivaa pamoja na chawa wake.

Akaandika: Napinga. Sababu: sehemu ya urefu wa ujumbe. Hakuongeza neno. Desturi ilidai sababu, haikudai dawa.

Mwenyekiti kwanza aliandika barua pepe za heshima. Kisha akapiga simu ambazo hazikupokelewa. Mwishowe, Jumapili moja, akabisha mlangoni. Dada alimkalisha kwenye kiti kilichojaa vipande vya vitambaa, akaendelea kushona.

"Shemeji," alimwita, ingawa hakuwa shemeji wa mtu, "umekuja kuposa au umekuja kulia? Nijue nilete maji au nilete leso."

Mwenyekiti akacheka kidogo, akafuta uso. Alikuwa amekonda, shati lililegea shingoni. Alieleza kwamba wateja wametishia kuondoka, na wakiondoka naye ataondoka. Alikuwa tayari kuliweka jina la Mama Maboksi chini ya lake. Mama Maboksi alimsikiliza huku akizikunjakunja pindo za kanga ya mapajani.

"Dada yangu," Mwenyekiti akamwambia Mama Maboksi, "niambie unachotaka."

"Waambie wote pendekezo ni la nani. Halafu waambie ulichonifanyia siku ile."

"Siku ipi?"

Hakuwa akijifanya. Macho yake yalihangaika ukutani, kwenye cherehani, usoni kwa dada, yakitafuta kwelikweli. Hapo ndipo Mama Maboksi alipoelewa. Mzigo ambao yeye aliubeba miaka yote hiyo, mwenzake hakuwahi hata kuugusa.

"Nenda ukakumbuke," akamwambia, akamfungulia mlango.

Dada aliisimamisha cherehani yake. Alikuwa amengojea siku hii kwa hamu kuliko mwenyewe, lakini sasa hakuwa na mzaha. Alisema mtu yule keshakwisha, aachwe. Mdogo wake akajibu kwamba bado hata hajaanza.

"Na hao wanaokupigia simu za maboksi," dada akauliza, "wao nao walisonya?"



Mkutano uliofuata, kila mtu akiwa ofisini kwake, Mwenyekiti aliingia amejiandaa. Mtu wa ofisini kwake alikuwa ameling'amua kosa, na sasa zilihesabiwa baiti. Akatangaza mbele ya wote kwamba pendekezo asili yake ni la mama yetu huyu, na jina la mama huyo peke yake ndilo lililobaki juu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayetembea bila viatu. Kisha akasema: kama aliwahi kumkosea mwenzao kwa namna yoyote ile, anaomba radhi.

Kama. Kwa namna yoyote ile. Hakuwa amekumbuka.

Mzee aliyeongoza kikao akakohoa. Alisema anashukuru, ni jambo la kiungwana. Walezi wengine walikuwa kimya, na kimya chao, kwa desturi yao, kilikuwa kukubali. "Basi, mama," mzee akasema, "sababu uliyotoa imeshughulikiwa, na kazi ni yako mwenyewe. Unaliondoa pingamizi?"

Mezani pake simu ya malalamiko ilikuwa inalia. Alijua kabisa aliyepo upande wa pili anaona nini kwenye kioo chake. Aliiangalia ikilia mpaka ikakata, ikaanza tena. Katika spika alimsikia Mwenyekiti akipumua kwa mdomo, kama mtu aliyepanda ghorofa zote kwa miguu, akingoja.

Akaisogelea maiki, karibu hata midomo ikaigusa, na kwa sauti ambayo angemwimbia nayo mtoto aliyekwisha kulala, akasema:

"Bado."