Siku Kapita Alipovua Macho

Nilipokuwa mtoto, kule Mabanga, mtaa wa Goma, kulikuwa na jambo moja ambalo katika parsele yetu nzima, nyumba tatu na lango moja, nililijua mimi peke yangu, na sioni haya kujisifu hata leo: nilijua nyoka wetu atajivua ngozi juma zima kabla hajajivua.

Nyoka huyo tulimwita Kapita. Alikuja ndani ya gunia la maharagwe kutoka upande wa Kibati, mwembamba, wa kahawia, hana sumu. Papa alikuwa na depo ya maharagwe, na panya walikuwa wanakula kuliko wateja. Kapita alipokaa majuma mawili, panya walihama wenyewe. Papa akatangaza kwamba huyo ndiye kapita wa depo, msimamizi, na atakayemgusa atajibu mbele yake. Usiku alifanya kazi kati ya magunia. Mchana alilala ndani ya kasha la sabuni, na kasha hilo lilikuwa mikononi mwangu.

Basi nilimwangalia. Kwanza rangi ilikuwa inafifia, kama kitenge kilichofuliwa mno. Tumbo liliingia wekundu kidogo. Akawa anakataa kula, hata umletee panya mnono. Halafu macho yaliingia ukungu, meupe ya kibuluu, na hapo hasira zake hazikusemeka, maana hakuona vizuri. Baada ya siku kama nne macho yalisafika. Mtu mwingine angesema amepona, yameisha. Mimi nilijua bado siku tatu au nne, ndipo ngozi ianze kufunuka midomoni. Nilikuwa nimeyaona hayo mara tatu na sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nani anamuuliza msichana wa miaka tisa habari za nyoka?

Mwaka huo macho ya Koko, mama yake Papa, yalikuwa yanazimika. Alinitambua kwa sauti tu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, apasuliwe, ataona. Koko akakataa katakata. Papa alimbembeleza, mashehe wakambembeleza, jamaa zetu walioko Kasongo wakapiga simu. Yeye jibu lake lilikuwa moja: "Jicho haiko kitunguu. Wataling'oa, nibaki na shimo."

Sasa katika siku hizo hizo, Kapita akaingia ukungu machoni.

Aliyemwona alikuwa Mama Sifa, jirani yetu wa kutoka Bukavu, muuza makala, yaani makaa, pale langoni. Alikuja kununua maharagwe, akachungulia kasha, akaruka nyuma.

"Yesu wangu! Muangalie macho ya hii nyoka! Imekamata macho ya Koko!"

Wengi pale kwetu waliamini hivyo: nyoka wa nyumbani akiwa mweupe machoni, amechukua macho ya mkubwa wa nyumba. Mumuue kabla macho yake hayajasafika, mumchome, na jivu lake mumpake yule mzee ndani ya macho. Yakisafika kabla hamjamuua, basi tena, yamekuwa yake.

Papa alikuwa mtu wa sala tano, hakupenda maneno ya namna hiyo. Lakini mama yake alikuwa anapotea gizani mbele yake, na mfa maji haachi kutapatapa. Akachukua panga.

Nikakaa juu ya kasha.

"Salima, toka hapo."

"Hapana, Papa. Haikukamata macho ya mutu. Inataka kuvua ngozi."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Niliangalia."

Mama Sifa akajipiga mapaja. "Munasikia? Mutoto anajua siri za nyoka! Miye mutoto wa hivi ningemuogopa."

Hilo neno lilinichoma. Goma mtoto anaweza kuitwa mchawi na kufukuzwa kwao kwa neno dogo kuliko hilo. Nilimwangalia Papa, naye akaangalia panga lake. Aliyesema ni Koko, kutoka kwenye mkeka wake.

"Macho ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Basi muache kwanza. Salima, siku ngapi?"

"Ijumaa yenye kuja, Koko. Utashika ngozi yake mukononi."

"Na kama hapana?"

"Kama hapana, Papa aikate."

Nilisema kwa sauti kubwa, kidevu juu. Kisha nikaenda nyuma ya magunia, nikalia mpaka kamasi.

Nilimwekea Kapita beseni la maji na jiwe la volkano lenye makali, kwa sababu alipenda kusugua mdomo kwenye ukuta. Siku ya nne macho yake yakasafika, meusi, yanang'aa. Nilifurahi nikakimbia kuwaambia, na hapo nikajua nimefanya kosa.

"Imeisha," akasema Mama Sifa, na safari hii alikuwa na huzuni ya kweli. "Yamekuwa yake. Maskini Koko."

Jumatano, hakuna. Alhamisi, hakuna. Niliamka kila alfajiri kumwangalia Kapita, naye amejikunja tu, kama mtu asiyedaiwa neno.

Ijumaa Papa alirudi kutoka msikitini, akavua kofia, hakukaa. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kasha. Nikasikia mkwaruzo. Kapita alikuwa anasugua mdomo kwenye jiwe, huku na huku, na kwenye mdomo wa juu ngozi ilikuwa imefunuka, nyembamba, nyeupe.

"Papa! Koko! Mukuje!"

Kapita alitoka polepole, ngozi inageuka ndani nje kama soksi, na nyoka aliyetoka alikuwa mpya kabisa. Mama Sifa alisimama mlangoni. Papa aliweka mkono wake kichwani kwangu na kuuacha hapo.

"Nipe," akasema Koko.

Nikamwekea ile ngozi viganjani. Aliipapasa kuanzia mkia, bila haraka, mpaka kichwani. Vidole vyake vikasimama.

"Hapa kuko vitu viwili vya muviringo. Ni nini?"

"Ni macho, Koko. Ngozi ya macho yake. Nayo inatokaka."

"Macho yanavuliwa?"

"Ndiyo. Ule ukungu ulikuwa hapo. Umebaki hapo."

"Na yenyewe imebaki na macho?"

"Iko nayo, Koko. Inaniangalia."

Kidole chake kikazunguka kile kiduara. Kisha akageuza uso kwa Papa.

"Ramazani. Ule daktari alisema siku gani?"

Leo ninajua kwamba daktari hakumvua Koko ngozi yoyote. Aliondoa kioo kilichochafuka ndani ya jicho, akaweka kingine, na angenisikia na nyoka wangu angecheka. Haidhuru. Watu wazima wote walikuwa wamemwambia Koko asiogope, na hakuna aliyempa kitu cha kushika. Mama Sifa naye hakubadilika: mpaka leo anasema nyoka alirudisha macho kwa sababu tulimtunza vizuri, nami simbishii, maana kila Idi ananiletea ndizi.

Bandeji ilipotolewa, Koko alinikazia macho, akaanza kucheka. "Kumbe weye ndiye huyu! Na meno yako yalienda wapi?" Nilicheka naye, na pengo langu wazi.

Aliishi miaka mingi akiona. Alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Na wageni walipomuuliza ni daktari gani alimtibu vizuri namna hiyo, alininyooshea kidole mbele ya watu wote, na mimi, niseme ukweli, sikumsahihisha hata siku moja.