Dairekta Nyuma ya Pazia

Pale Kisauni kila mtu humwita Dairekta. Kwao Karachi alikuwa mwanamke wa mwanzo mtaani kuonekana kwenye televisheni, akalizwa tamthilia baada ya tamthilia na waelekezi wanaume, hata akachoka, akakikalia kile kiti chao mwenyewe. Tangu hapo haoni jambo asilirekebishe. Huunda dirisha kwa vidole, bangili zikamshukia hadi kiwikoni, akafumba jicho moja na kusema, "Kata." Muuza mbaazi ashakatwa mara nyingi kwa kuita wateja bila hisia.

Siku ya posa ya Basma, binti wa jirani, alisimama naye nyuma ya pazia. Basma alikuwa akitafuna ncha ya mtandio, maana babake, Mzee Mahfudh, alikuwa ameapa kukataa. Washenga walipobisha, pazia likasema, "Kata! Hodi gani hiyo, kama mwaleta mtungi wa gesi? Rudini nje muingie tena."

Wakarudi, viatu mkononi.

"Na wewe, Mzee Mahfudh, hasira umeianza mapema mno. Tabasamu kwanza."

Mzee, ambaye hakosi tamthilia ya Dairekta hata moja, akatabasamu.

"Sasa sema 'tumekubali', nisikie sauti."

"Tumekubali," akasema Mzee kwa madaha, machozi yakimlenga.

Washenga wakainua mikono, wakasoma Fatiha ya kufunga posa papo hapo.

"Ngojani! Hayo yalikuwa mazoezi!" Mzee akamaka.

Bangili zikalia nyuma ya pazia. "Mzee wangu, picha ikikaa sawa, mimi sirudii."