Mtungi wa maji nusu ulivyonivusha gogo la Msimbu

Wakuu, wakubwa wangu shikamooni, wadogo marahaba. Mimi ni mzee wa Sofu, mtu wa ndani. Nikitoka getini hata kuku wa jirani wanashangaa. Ila hili sitii chumvi.

Majuzi mjukuu wangu kateguka kifundo cha mguu. Physio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kamwambia asimamie mguu mmoja sakafuni, halafu juu ya mto wa kulalia, halafu adake mpira. Nikacheka. Mimi nilipitishwa hayo utotoni kijijini Msimbu, enzi za Mwingereza.

Nilikuwa nimechaguliwa kwenda middle school, darasa la tano la siku hizo, mara kifundo kikateguka. Uvimbe uliisha, lakini mguu ukabaki kuyumba. Na njia ya shule ilipita juu ya gogo la mnazi, chini mto. Usipofika siku ya kufungua, nafasi yako anapewa mwingine.

Usingizi ukanihama.

Shangazi, mteka maji hodari, akaanza kunifundisha. Kwanza nisimame mguu mmoja nikishikilia mlango. Halafu bila kushika. Halafu kwenye mchanga. Halafu nitembee juu ya gogo lililolala uani.

Kisha, juu ya gogo hilo hilo, akanitwika mtungi uliojaa. Mtoto wa kiume, kata ya nguo kichwani kama mwanamke!

"Bi harusi huyo," wasichana waliopita wakitoka kisimani wakasema. "Mahari yake kuku wangapi?"

Nikaona nipunguze mzigo. Nikamwaga nusu.

Wakuu, maji nusu yana fujo. Yalikwenda kushoto nikayafuata, yakarudi kulia mimi nikabaki. Mtungi vipande, kifundo moto. Nikajua shule ndiyo basi.

Shangazi alitazama vigae, akanitazama.

"Nusu nilikuwekea mwisho, baba. Umeruka darasa."

Akanirudisha mchangani. Nikapanda tena polepole, mpaka nikayaweza maji nusu juu ya gogo.

Siku ya kufungua ilikuwa imenyesha, gogo linateleza. Sanduku kichwani, nikapanda. Katikati, shati na kikombe vilivyokuwa ndani vikahama upande mmoja kwa kishindo. Umaskini nao, sanduku lenyewe halikujaa.

Mguu ukayumba, ukajirudisha wenyewe kabla sijaogopa.

Ng'ambo niligeuka. Shangazi alikuwa bado ameziba macho kwa khanga.

Nilichojifunza: ongeza ugumu kidogo kidogo, na usiruke darasa. Mjukuu keshaurukia mpira kabla ya mto wa kulalia, sasa yuko kitandani anasoma uzi huu.

Nyie wenzangu, nani mwingine aliruka darasa? Msinicheke peke yangu.