Kanzu Nyeupe Msituni kwa Nyani

Kama umewahi kutumiwa ile video ya mtu mzima aliye juu ya mti, kanzu imepasuka hadi kiunoni, kaptula ya mpira iko nje nje, na chini ya mti ameketi nyani aliyeshika kiatu chake, basi usihangaike kuuliza ni nani. Ni mimi. Nimekaa na aibu hiyo kimya kwa muda, nikijifanya simjui huyo mtu, lakini siku hizi nimechoka kujikana.

Naitwa Ndegwa, dereva wa nyumbani huko Riyadh. Kutulia sikujaliwa. Kabla ya Saudia nilishafanya kazi Nakuru, Mombasa na Kampala, na kila nilipofika nilianza kuwaza niendako (na nikifika niendako, naanza kuwaza nilikotoka, ndiyo maradhi yangu). Nyumbani ni Nyandarua, pembeni ya msitu. Wakati huo nilikuwa sijarudi kwa miaka sita, na mama alikuwa anapoteza macho. Kila nikipiga simu aliniambia, "Kukusikia nimekusikia vya kutosha. Njoo nikuone wakati kuona bado kupo."

Lakini dereva haondoki tu. Kafili wako, yaani mwajiri aliyekudhamini, lazima akutolee ruhusa ya kutoka na kurudi, na bosi wangu, ambaye si mtu mbaya ila ni mtu wa baadaye, kila nikimwomba alisema, "Tutaona, Ndegwa, tutaona." Mara ya tatu akaongeza, "Tukirudi kutoka milimani."

Milimani tulikuwa tunampeleka mama yake, bibi kizee wa miaka sabini na kitu tuliyekuwa tukimwita Ummi. Alizaliwa huko juu akachunga mbuzi kabla ya kuolewa mjini, na alikuwa amemsumbua mwanawe miezi mitatu kwamba anataka kulala kwenye hema katika msitu wake mara moja kabla hajafa. Basi tukatoka Riyadh hadi Jeddah kwa dada wa bosi, tukapumzika siku mbili. Hapo ndipo nilipopita mtaa wa Ghulail kumwona rafiki yangu mmoja wa kwetu, nikamweleza shida yangu, naye akaniambia, "Muombe huko huko mlimani akiwa amefurahi. Na uvae kanzu. Mtu haombi jambo kubwa na fulana."

Kanzu ninayo. Nyeupe, bosi mwenyewe alinipa sikukuu ya Idi (mimi ni Mkristo lakini zawadi ni zawadi), na ilikuwa imelala sandukuni mwaka mzima. Nikaipiga pasi. Uamuzi mdogo tu, wa kupiga pasi nguo, na mengine yote yalitokana na huo.

Sasa, kabla sijafika kwenye aibu, nipeni nafasi niwaeleze nilichokiona. Miaka sita macho yangu yamezoea mchanga, saruji na taa za barabarani. Tulipoanza kupanda, barabara ikawa inajikunja kama utumbo, masikio yakaziba, nikafungua dirisha na hewa iliyoingia ilikuwa baridi. Baridi, Saudia, mchana! Halafu kona moja, na miti. Si mitende. Msitu mzima, mweusi kwa ukijani, umeshikilia majabali hadi pale nchi inapokatika ghafla na mawingu yapo chini yako. Nilipoegesha gari kwenye uwanja wa kambi nikashuka, nikagusa mti wa kwanza, gome likabanduka mkononi kama nyuzi, na ikanijia ile harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi.

Mtarakwa. Mti wa nguzo za ua wa mama yangu! Niliamini Mungu ameupanda kwetu tu. Nikasimama pale kama niliyekutana na ndugu yangu wa tumbo moja kwenye foleni ya uhamiaji.

"Kaka Ndegwa, wausalimia mti?" Huyo ni Mwanakombo, mpishi wa nyumba, mwanamke wa Msambweni mwenye ulimi usiolala. "Na hiyo kanzu, vipi? Idi imerudi?"

"Ni ya kuombea ruhusa."

"Haya. Usije ukaombea maiti nayo."

Tukatandika mazulia, tukafunga hema, Mwanakombo akaweka mwana-kondoo mzima jikoni pamoja na wali. Akaja askari wa msitu na pikapu yake, akamwambia bosi vyakula vyote vifungiwe garini, nyani wa hapa ni wengi na hawana adabu. Bosi akanitazama. Na mimi, ndani ya kanzu yangu, nikajiona mtu mkubwa. Nikasema, "Baba, usiwe na wasiwasi. Mimi nimezaliwa msituni. Nyani namjua kama jirani."

Maana kwetu kila mtoto analijua hili: nyani hamwogopi mwanamke, humwogopa mwanamume. Akina mama wakiwa shambani nyani wanakuja kuvunja mahindi mbele ya macho yao, lakini akitokea mwanamume mmoja tu, hata mlevi, kundi zima linakimbia. Kuna akina mama huvaa suruali na kofia za waume zao wakienda kulinda shamba.

"Hata kwetu ni hivyo," Mwanakombo akakubali. "Lakini hao ni nyani wa kwetu."

Alasiri familia ikaenda ukingoni kutazama mawingu, pamoja na Ummi na mkongojo wake. Mimi na Mwanakombo tukaachiwa chakula. Sinia la nyama limefunikwa, mikate imepangwa, nyuma ya gari iko wazi. Nikasimama kati ya mitarakwa nikirudia maneno ya kumwambia bosi akirudi.

Nyani wakatokea majabalini, na kusema kweli hata hao walinistaajabisha. Madume wana manyoya ya kijivu mabegani kama wazee waliojifunga shuka, wanatembea taratibu, watoto migongoni mwa mama zao. Nikawaacha wakaribie ili Mwanakombo aone vizuri. Kisha nikajitokeza, nikapanua kifua, nikarusha mikono yote miwili hewani na kupiga ukelele wa kwetu.

Wakasimama. Wakaitazama kanzu. Halafu wakaja mbio, wote, kwangu.

"Kaka! Wamekuona dada yao!" Mwanakombo alipiga kelele akiwa tayari ndani ya gari, ameshafunga milango yote, hata ule wa nyuma.

Nikarusha mikono tena, wakaongeza mwendo. Mmoja akashika pindo la kanzu na kulivuta kwa heshima, kama mtoto anayeomba peremende. Mwingine akaingiza mkono mfukoni mwangu. Nikakimbia, nikakanyaga kanzu, nikaanguka, kiatu kikatoka (kipya, cha soko la Batha kule Riyadh), nikainuka, nikapanda mti. Mtu wa Nyandarua akiogopa hupanda mti. Wala sikukumbuka kwamba nyani naye anajua kupanda. Tawi likadaka kanzu, nikasikia kraa, na upepo ukaniingia mahali ambapo upepo hauna kazi.

Kwa bahati hawakuwa na haja nami tena. Sinia lilikuwa limefunuliwa. Watu wa mahema mengine wakatoka na simu zao.

Nikabaki hapo juu. Mapaja yangu yamebana shina, pua iko gomeni, na ile harufu. Nikageuza uso nikaona nchi yote imekatika chini yangu, mawingu yanapanda polepole kati ya majabali, jua limeyapaka rangi ya asali, na mitarakwa, maelfu. Nikasahau nyani. Nikasahau kaptula. Machozi yakanitoka.

Ummi ndiye aliyefika kwanza. Bibi asiyefika bega langu alipita katikati ya kundi lile bila kuharakisha, akagonga sufuria kwa mkongojo mara mbili, akasema, "Yalla!" Wakatawanyika wote. Mwanamke!

Akanitazama juu. "Mjinga wewe, hapa wenye kanzu nyeupe ndio huwarushia mikate kila Ijumaa. Wamedhani unawaita kula. Mbona unalia? Wamekuuma?"

"Hapana, Ummi. Mti huu. Mti huu uko kwetu, nyuma ya nyumba ya mama."

Akaweka kiganja kwenye gome. "Huyo mama ulimwona lini?"

"Miaka sita. Na macho yake yanakwisha."

Bosi alikuwa amefika, anatazama sinia tupu. Ummi akamgeukia. "Amekuomba mara ngapi?"

"Mara tatu. Nilimwambia tutaona."

"Umeona sasa?"

"Lakini mama, chakula chote kime..."

"Nyama imeshakwenda. Na yeye aende. Halas, yamekwisha."

Jioni ile tulikula tende na mkate mmoja uliosalia, na hakuna aliyeninyima tende. Mwanakombo aliniita dada hadi Jeddah.

Ruhusa ilitoka mwezi huo huo. Mfukoni mwa kanzu nilikuta kijiti cha mtarakwa kilichokatikia humo nikiparamia, nikakifunga kwenye leso, nikampelekea mama. Akakinusa, akauliza, "Ina maana umepitia msituni kwanza, kabla ya kuja kwangu?"

Kabla sijajibu binti yangu, niliyemwacha kwa mama nilipoondoka, akaleta simu, nyumba nzima inacheka; video ilikuwa imenitangulia wiki mbili. Uso wangu mama hakuweza kuuona sawasawa tena, alinigusagusa tu mashavu. Lakini ile simu aliisogeza hadi puani, akatabasamu. "Hicho cheupe mtini? Hicho nakiona."

Basi nimeapa: penye nyani nitavaa suruali, na nikiulizwa ninawajua nitasema siwajui. Ila kanzu nimeishonesha.