Kwa Tollefsrud, Ambako Hakuna Tollefsrud

Saa kumi na moja alfajiri redio ya zizini imeshaanza kupiga polka, na ng'ombe wote wamegeuza shingo kumtazama Arlys Hollenkamp akiingia na ndoo ya maji ya moto. Nje ni baridi ya kukausha mate. Ndani kuna joto la pumzi na harufu ya silaji.

Anainama chini ya ng'ombe wa kwanza, anapangusa kiwele, anakamua kidogo kwa mkono kabla ya kuvisha mashine. Goti lake la kushoto linalia kama bawaba kavu, lakini hasemi na goti. Anasema na ng'ombe.

"Sogea, bibi. Umenenepa kuliko mimi, na mimi nimezaa wawili."

Simu ya ukutani inalia. Ni dereva mgeni wa lori la chakula cha mifugo, amepotea tangu njia panda ya kanisani. Ameuliza kwa Hollenkamp kwenye nyumba mbili, na kote wamekuna vichwa. Arlys anashusha pumzi.

"Kijana, uliza kwa Tollefsrud," anamwambia. "Hata mtoto wa chekechea atakuonyesha."

Punde lori linaingia uani.

Hapa hakuna Tollefsrud. Wa mwisho, mzee Selmer, aliuza shamba mwaka 1958, akahamia mjini, akafa, na jiwe la kaburi lake limeshaota kuvu. Aliyenunua ni Gerhard Hollenkamp, baba mkwe wa Arlys. Lakini kwenye vilima hivi vya magharibi mwa Wisconsin shamba haliitwi kwa jina la anayelilima. Huitwa kwa jina la aliyeondoka. Mwandishi wa makala haya anaishi bonde la pili tangu alipooa, na asubuhi hii naye alimuaga mkewe kwa maneno hayo hayo: naenda kwa Tollefsrud.

"Niliolewa hapa nikiwa na miaka ishirini na mmoja," anasema Arlys, ambaye sasa ana sitini na sita. "Wiki ya kwanza nikaenda dukani, mama mmoja akaniuliza, 'Wewe ndiye bibi harusi wa kwa Tollefsrud?' Nikashtuka. Nikadhani nimeolewa na mtu mwingine!"

Mumewe, Verlyn, alipigana na jambo hilo maisha yake yote. Aliandika HOLLENKAMP kwa herufi kubwa kwenye sanduku la barua kando ya barabara, na kila majira ya baridi greda la theluji lililigonga na kuliangusha mtaroni. Verlyn alikuwa akiapa kwamba dereva wa greda ni mjukuu wa Selmer.

Alifariki miaka tisa iliyopita. Siku ya mazishi, mchungaji aliyekula mezani kwao mara zisizo na idadi alisimama mimbarini akasema, "Tumempoteza ndugu yetu Verlyn, wa kwa Tollefsrud."

"Nililia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena," anasema Arlys. "Jeneza liko mbele yangu na Selmer bado hajatuachia nyumba."

Baada ya hapo wengi walidhani angeuza ng'ombe. Mwaka mmoja bei ya maziwa ilianguka hadi dola kumi na nne kwa ratili mia, ilhali kuyapata kuligharimu zaidi ya ishirini. Majirani wa bonde zima walifunga mazizi yao mmoja baada ya mwingine. Arlys hakufunga lake.

"Niliuza piano," anasema. "Piano haitoi maziwa."

Kiwanda cha jibini kimempa nishani ya usafi wa maziwa miaka sita mfululizo. Jirani yake mmoja, alipoulizwa na gazeti hili anayaonaje maziwa ya Arlys, alifikiri kwa muda mrefu, akasema, "Si mbaya sana." Huku kwetu hakuna sifa inayoipita hiyo. Kuna watu wameoana wakazeeka pamoja bila kuambiana zaidi ya hapo.

Arlys mwenyewe anasema asingefika popote bila Efraín Tzanahua, mwanamume mfupi mwenye masharubu anayekamua upande wa pili wa zizi. Efraín alitoka milima ya Zongolica, Veracruz, akafika hapa katikati ya Januari miaka kumi na saba iliyopita, amevaa raba za kitambaa. Verlyn hakumtazama usoni. Alimtazama miguuni, akaingia nyumbani, akatoka na mabuti yake mwenyewe.

"Yalikuwa makubwa, nikatembea kama bata," anakumbuka Efraín. "Ninayo mpaka leo. Simpi mtu."

Sehemu ya ujira wake alilipwa kwa mitamba, na mitamba ikazaa. Leo nusu ya ng'ombe hawa ni wake. Mkewe, Maribel, ndiye anayelea ndama. Kwenye karamu ya kanisa kila Novemba, katikati ya samaki aliyelowekwa magadi kwa desturi ya Wanorwe na mabakuli ya viazi na nyama, tamale za Maribel, unga wa mahindi na nyama uliofungwa kwa maganda ya mahindi, ndizo zinazokwisha kwanza. Mwaka jana mzee mmoja alizikosa, akanuna hadi Pasaka.

Jumatatu ijayo ni tarehe mosi Machi, siku ambayo tangu enzi za mababu watu wa huku huhama na kukabidhiana mashamba. Arlys anahamia nyumba ndogo mjini, karibu na maktaba. Shamba linakuwa la Efraín na Maribel.

Na hapo ndipo desturi inapomcheka. Miaka arobaini na mitano amesubiri pale paitwe kwa Hollenkamp, na sasa pataitwa hivyo, kwa sababu anaondoka.

"Ndivyo tulivyo," anasema. "Ukitaka uitwe mwenye nyumba, hama."

Angeweza kunyamaza akalichukua jina lake. Hakuna ambaye angemlaumu, na mwandishi huyu angekuwa wa kwanza kumpigia makofi. Lakini msimu wa mavuno uliopita alikuwa kwenye duka la chakula cha mifugo, akamsikia karani akimwita Efraín "yule kijana wa kwa Tollefsrud."

"Kijana!" Arlys anagonga ukingo wa ndoo. "Mtu ana miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na mvi kwenye masharubu! Nikapandwa na hasira, nikasahau hata nilichokwenda kununua. Nikajiambia, huyu naye atalisikia jina lake siku ya kufungasha mizigo."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Efraín alipewa jembe siku ya kwanza, na mwaka wa kumi na saba bado ni mgeni.

Kwenye meza ya jikoni kwa Arlys liko sanduku jipya la barua, la chuma kizito ambacho greda litakijutia. Juu yake ameandika TZANAHUA kwa rangi nyeupe. Alikosea mara mbili, akafuta kwa mafuta ya taa, akaanza upya. Binti yake Janelle, muuguzi huko Madison, alipoambiwa kwenye simu alilia.

"Mama, jina la baba halikuwahi kukaa pale hata msimu mmoja wa baridi. Na wewe unaandika la mtu mwingine?"

"Baba yako alimpa mabuti," Arlys alimjibu. "Acha na mimi nimpe kitu."

Hasemi kwamba hakumuumi. "Kunaniuma, tena sana. Ningetaka kulisikia mara moja tu, nikiwa bado nimevaa aproni ya zizini."

Kunapokucha, lori la tangi linaingia uani kwa kinyumenyume. Dereva wake, Dewey Prochaska, amekuja kuchukua maziwa hapa kwa miaka thelathini, na muda wote huo amemtania Arlys bila huruma. Anaunganisha mpira kwenye tangi la kupozea. Simu yake inalia. Ni kiwandani, wanataka kujua amefika wapi.

"Nipo kwa Hollenkamp," anasema Dewey, anakata.

Arlys anatua ndoo. Efraín anazima redio.

"Umesema uko wapi?"

"Kwa Hollen... Aa." Dewey anavua kofia. "Si unahama Jumatatu? Limenitoka tu, dada."

Hayawi hayawi, sasa yamekuwa. Arlys amesimama na aproni yake, mikono imelowa, macho nayo yanaanza kulowa.

"Sema tena."

"Kwa Hollenkamp."

"Kwa sauti, Dewey. Verlyn alikuwa hasikii vizuri sikio la kulia."

"KWA HOLLENKAMP!" anapaza Dewey, na ng'ombe kadhaa wanageuka kumtazama.

Arlys anaitikia kwa kichwa taratibu, anajifuta uso kwa kiwiko. Anaonekana mrefu kuliko alivyokuwa alfajiri.

"Asante. Nimelisikia, inatosha. Sasa lisahau. Kuanzia Jumatatu mimi nitakuwa nakuja asubuhi kuwanywesha ndama wa Maribel, kama kibarua, na nikikukuta hapa nikakuuliza uko wapi, utanijibu: kwa Tzanahua."

"Kwa Tza... nini? Arlys, unataka kunivunja ulimi!"

"Ulimi ulioweza Tollefsrud miaka thelathini utavunjikia wapi? Hebu sema."

Dewey anatazama dari, anatazama mpira wa maziwa, anapiga funda la mate.

"Kwa Tsa... na... wa."

Wote wanamgeukia Efraín. Ameegemea nguzo, mabuti yake yamejaa samadi, anakuna masharubu na kufikiri kwa muda mrefu, kama mtu aliyezaliwa bonde hili.

"Si mbaya sana," anasema.