Jumamosi ya Kupeana Mikono

Kanisani kwetu Dandora, Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana, washirika huzunguka nyumba kwa nyumba kuombana msamaha. Ukiambiwa hivyo utadhani ni watakatifu. Wapi! Wanagonga, wananyoosha mkono, wanasema, "Popote nilipokukosea, nisamehe," na kabla hujajibu wamefika mlango wa pili. Kosa lenyewe hawalitaji hata siku moja. Kesho yake utawaona wamejipanga mbele kupokea mkate, nyuso zimetakata kweli kweli.

Mama yangu hakuwa na unafiki huo. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyefua na kupiga pasi kitambaa cheupe cha Meza. Hakukianika nje kamwe kwa sababu ya moshi wa jalala. Alikitandaza ndani, juu ya kitanda chake, na ole wako ukikikalia. Kisha Jumapili moja mzee wa kanisa akakikunjua mbele ya watu wote, na katikati pana alama ya pasi, kahawia, kubwa kama kiganja. Mwenyekiti wa akina mama, jirani yetu wa mlango wa tatu, akasimama na kusema kwamba mikono inayoshika glasi ya chang'aa isishike kitambaa cha Bwana. Mama, ambaye hajawahi kuonja pombe! Hakujibu neno. Kazi ile wakampokonya siku hiyo hiyo.

Tangu hapo hakuikaribia Meza. Alikaa benchi la nyuma, na katika Sala ya Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alinyamaza mpaka tupite. "Siwezi kumwomba Mungu kitu ninachomnyima mwenzangu," aliniambia. "Nitakuwa namdanganya nani?" Lakini mkate ulipokuwa ukigawanywa alikuwa akitazama sakafu, na nilijua jinsi alivyoutamani. Nilimchukia yule mwanamke hata kikohozi chake.

Mwaka jana daktari akasema lazima Mama apasuliwe. Alitaka jambo moja tu: kushiriki Meza kabla ya kwenda hospitali.

Jumamosi ikafika, na mwenyekiti naye huyo mlangoni, kitenge kipya, tabasamu la mwomba kura.

"Dada, popote nilipokukosea, nisamehe."

"Wapi?" Mama akauliza. Alikuwa anachambua majani ya kunde.

"Popote tu, dada."

"Taja."

Mwanamke akacheka kidogo, akatazama viatu vyake. "Ai, dada, tusianze kufukua mambo."

Mama akamalizia shina la kunde lililokuwa mkononi. Kisha akafuta mkono kwenye leso na kumpa. "Nimekusamehe," akasema. Yule akaondoka mbio kwenda mlango wa nne, hata asante hakusema.

Nililipuka. "Mama! Umemsamehe bure huyo! Hata kutaja amekataa! Mtu mzima ovyo, anaharibu jina lako mbele ya kanisa zima, halafu anakuja na 'popote'!"

"Nikingoja ataje, nitaingia chumba cha upasuaji nikiwa bado namngoja," Mama akasema. "Mungu angeningoja mimi nitaje yote, ningekuwa wapi?" Akachuma jani, akatupa kikonyo. "Na wewe, Jumamosi ya kupeana mikono iliyofuata baada ya kitambaa kuungua, uliponipa mkono hapa hapa, ulinitajia nini?"

Nikainama kuokota vikonyo sakafuni.

"Siku ile nilikuachia pasi nikaenda dukani kununua unga. Nikarudi nikakuta umeshakikunja, simu iko mkononi. Tulikuwa wawili tu nyumba hii, mwanangu, na mimi sikukiunguza. Nilikusamehe siku ile ile. Bado nangoja utaje."

Nikafungua mdomo, na Mungu wangu, neno lililonijia kwanza lilikuwa "popote". Nikalimeza.

"Ni mimi niliyekiunguza, Mama," nikasema. "Na nilikaa pale benchini nikakuacha uitwe mlevi."