Ufito Wangu Chini ya Ukuta

Kitabu chenyewe nilikipata Itigi, kwenye duka la mzee mmoja karibu na stesheni, na nilikipata kwa ugomvi. Alikuwa anachana kurasa zake kufungia watu chumvi. "Ala! Mzee, shikamoo, lakini unafanya nini?" Akaitikia marahaba huku akichana ukurasa wa mwisho. Nikakinyakua. Alicheka tu, akasema nichukue bure, mwenyewe alikiacha siku nyingi na hatarudi.

Nilikuwa msichana wa Singida mjini, mwalimu mgeni katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kintinku. Watu walikuwa wametolewa kwenye matembe yao ya udongo na kupangwa kwa mistari porini, na mwalimu mkuu akaniagiza niwafundishe darasa la kwanza ujenzi wa nyumba bora. Kwa kitabu gani? Mjini nilizunguka maduka yote nikapata daftari na wino tu. Kwa hiyo nilipoona picha za watoto wanaojenga nyumba, nilijiona nimeokota dhahabu ya Sekenke.

Maneno yake yalikuwa ya Kizungu nisichokijua, lakini picha zilitosha. Ya kwanza, mtoto amelala chali huku mwenzake akikata ufito wa urefu wake. Ya pili, wanapanga fito chini kupata upana wa vyumba. Ya tatu, wanachimba msingi. Kisha kuta, kisha paa. Picha ya mwisho ilikuwa imeondoka na chumvi.

Siku ya somo niliwapeleka kwenye kiwanja cha nyumba niliyokuwa najengewa na kijiji, ambako msingi ulikuwa umeshachimbwa. Nililala mimi kwanza, niwaonyeshe. Aliyenipima alikuwa binti wa miaka saba, mjukuu wa bibi aliyenipa chumba kwake. Mama wa mtoto huyo alikuwa amefariki, na bibi hakuwa na mwingine. Alinipima kwa bidii, ulimi nje.

Kisha wakaanza kulala wao. Darasa lile lilikuwa na kelele za kunitia wazimu, na waliponyamaza nikajisifu: leo wananisikiliza. Walilala mmoja mmoja, miguu pamoja, mikono ubavuni, macho wameyafumba. Mimi sikuwaambia wafumbe macho. Mtoto wa pichani alikuwa anacheka.

Niliporudi nyumbani bibi hakunikaribisha hata uji. "Mwalimu, ufito wa mjukuu wangu uko wapi?"

"Shuleni, bibi. Tulizibeba fito zote, tukajengea kibanda cha mfano."

Aliketi, akanieleza polepole. Hapo kwao, anayepimwa kwa ufito akiwa amelala ni maiti tu. Ufito hupelekwa kwa wachimbaji, na shimo likishatosha, hubaki humohumo. Haurudi nyumbani. "Ukishakatwa, unamngoja mwenyewe," akasema.

"Bibi, ile ni hesabu tu!" Nilifoka, kwa hasira ya mtu aliyekwisha kuliona kosa lake.

Asubuhi mtoto hakuinuka. Mwili ulikuwa moto, na hata alipochomwa sindano zahanati, homa haikushuka. Siku ya tatu walikuja darasani watoto tisa tu, nao walizunguka mbali wasipite karibu na kibanda. Mbuzi wa kijiji kile walitafuna kila kitu, hata ufagio wa darasa. Fito zile mbichi, zenye majani bado, hawakuzigusa.

Niliogopa. Sisemi uongo. Nikamwendea bibi, nikamwomba radhi, nikauliza nifanye nini. Akanijibu, "Nirudishie ufito wake." Hakutaka kingine.

Ningeujuaje, nami sikuutia alama? Mchana ule ule nilibomoa kibanda, nikabeba mzigo wa fito kichwani. Nikachukua mmoja niulaze kando ya mtoto kitandani, bibi akanidaka mkono. "Umpime mara ya pili?" Aliye hai hupimwa amesimama. Basi tukamnyanyua, mwepesi huyo, tukamwegemeza ukutani, tukijaribu ufito mmoja baada ya mwingine. Kichwa chake kilikuwa kinaanguka nami nakishikilia, nikilia waziwazi. Fito zilikuwa zinakaribia kuisha tulipopata uliolingana na utosi wake. Bibi akauvunja gotini, akautia motoni chini ya chungu.

Kesho yake homa ilishuka. Mganga wa zahanati alisema ni sindano yake, wala sikubishana naye. Watoto wengine wakaja, wakasimama ukutani mmoja mmoja, kila mmoja akavunja wake, mpaka mzigo ukaisha.

"Na wako, mwalimu?" bibi akauliza.

Mtoto akajibu kutoka kitandani, akitabasamu. "Wa mwalimu niliuweka kwenye msingi. Si nyumba yake?"

Kwenye msingi! Wanaume walikuwa wameshajaza mawe, na ukuta umefika kiunoni. Bibi alitaka tukawaombe wabomoe. Nikakataa. Ningewaambia nini, mimi niliyetumwa kuwafundisha watoto wao nyumba bora? "Acheni," nikasema, kwa ukaidi tu. Mtoto akamtazama bibi yake, akanitazama mimi, ndipo akaangua kilio.

Niliishi katika nyumba ile miaka minne. Mimi ni mtu wa kulala kiubavu, magoti nimeyakunja, tangu utoto. Kitanda nilikihamisha kila kona ya chumba. Kila asubuhi niliamka nimelala chali, miguu pamoja, mikono ubavuni.

Sasa nimestaafu, niko mjini. Kitabu bado ninacho, na sijawahi kumwazima mtu. Juzi mjukuu wangu alinisimamisha kwenye ukuta wa sebule, mahali ambapo mama yake, alipokuwa msichana, alichora alama ya urefu wangu. Akaweka rula juu ya utosi wangu, akacheka. "Bibi, umefupika!"

Nikamwambia apime tena. Akapima. Nimepungua vidole viwili vizima. Ufito ule haulingani nami tena, basi hauningoji mimi! Nilimkumbatia huku machozi yakinitoka kwa furaha, naye akabaki ananiuliza, "Bibi, kwani kufupika ni kuzuri?"